Naomba ushauri: neno MAWASILIANO limeachana upande mmoja na kusongamana upande mwingine

Mpangakurasa:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandaa bango lenye neno MAWASILIANO kwa herufi kubwa za fonti ya Helvetica. AWA inaonekana imeachana, lakini kila nikipunguza nafasi kati ya herufi, ILI inasongamana kama fito za uzio. Nimehangaika nalo siku mbili, nifanyeje?

Jicho Pevu:
Ndugu, kipimo unachopunguza ni trakingi, ambayo hubana neno zima kwa kiasi kilekile, ilhali unachohitaji ni kerningi, yaani kurekebisha jozi mojamoja ya herufi. Kila herufi hukaa ndani ya kisanduku kisichoonekana, na kwa kuwa mguu wa kulia wa A na mkono wa kushoto wa W huinama upande mmoja, visanduku vyake vinaweza kugusana huku macho yakiendelea kuona ufa wa mshazari. I na L zina nguzo wima, nazo zikikaribiana husongamana upesi. Rudisha trakingi kwenye sifuri, hakikisha kerningi imewashwa, kisha bana AW na WA pekee.

Wino Mweusi:
Nakubali, ila sifuri haitoshi. Nafasi za fonti nyingi hupimwa kwa herufi ndogo, hivyo neno la herufi kubwa tupu huongezewa takribani asilimia 5 ya ukubwa wa fonti. Anza na trakingi, kwani ukianza na jozi utalazimika kuzirudia. Halafu geuza bango juu chini, ili uone nafasi tupu badala ya kusoma neno.

Jicho Pevu:
Kwa maandishi madogo ni sawa, lakini kwa bango asilimia 5 ni nyingi. Kwa mfano, fonti ya Verdana, aliyoichora Matthew Carter na kutolewa mwaka 1996, ilipewa nafasi pana kwa ajili ya maandishi madogo ya skrini, ukiikuza, inatawanyika.

Mpangakurasa:
Nimeweka asilimia 2 na kubana jozi hizo mbili, na neno limetulia. Nashukuruni sana. Limebaki neno “ng'amua” katika mstari wa chini, ambalo linasomeka kama maneno mawili.

Wino Mweusi:
Weka ritifaa (ile alama iliyo kati ya ng na a) iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, kisha ubane pande zake zote mbili. Chini ya ritifaa hakuna wino, kwa hiyo a inaweza kuisogelea g bila kugusana nayo.