Fotoni ya 589 nm: kikokotoo kinatoa 10⁻³⁷, kitabu kinasema 10⁻¹⁹

kidato_cha_sita: Wakuu, habari zenu. Natafuta nishati ya fotoni (chembe) moja ya mwanga wa njano wa taa ya sodiamu, urefu wa wimbi 589 nm. Natumia E = hc/λ (h ni namba ya Planck, c ni kasi ya mwanga, λ ni urefu wa wimbi) na kwenye kikokotoo naingiza hivi:

6.63 × 10^−34 × 3 × 10^8 ÷ 589 × 10^−9

Napata 3.38 × 10⁻³⁷ J, lakini kitabu kina 3.38 × 10⁻¹⁹ J. Tarakimu ni zilezile, kipeo ndicho kimeharibika. Sehemu (b) inauliza kama mwanga huo unaweza kung'oa elektroni kwenye bamba la sodiamu linalohitaji 2.28 eV (elektronivolti, kipimo kidogo cha nishati).

mwl_fizikia: Mabano yamekosekana. Kikokotoo kinasoma kutoka kushoto: kimegawanya kwa 589, halafu kikazidisha kwa 10⁻⁹, wakati hiyo 10⁻⁹ nayo ilitakiwa kugawanya. Kwa hiyo jibu lako ni dogo mara 10¹⁸ kamili. Andika ÷ (589 × 10^−9), au tumia kitufe cha ×10ˣ (kwenye vikokotoo vingine kimeandikwa EXP), kwa sababu hicho huichukua 589 × 10⁻⁹ kama namba moja.

Ukisahau kabisa kubadili nanomita kuwa mita utapata 10⁻²⁸. Kipeo kilichoharibika kinakuonyesha kosa lenyewe lilipo.

Ukianza na masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde), f = c/λ = 5.09 × 10¹⁴ Hz, kisha E = hf inakupa 3.37 × 10⁻¹⁹ na siyo 3.38. Hapo tatizo ni kukata tarakimu katikati ya njia, basi iache f nzima kwenye kikokotoo. Na ukitumia thamani kamili, h = 6.62607015 × 10⁻³⁴ na c = 299,792,458 m/s, inatoka 3.373 × 10⁻¹⁹ J. Kitabu chako kimetumia 6.63 na 3.00, ndiyo maana kina 3.38. Kwenye mtihani fuata thamani ulizopewa.

maabara_ya_mwanga: Kwa elektronivolti usipite kwenye joule kabisa. Gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi ukiwa katika nanomita: 1240/589 = 2.105 eV. Hiyo 1240 ni hc iliyokwisha kubadilishwa vipimo (1239.84 kwa usahihi zaidi). Mwanga unaoonekana, wa takriban nm 400 hadi 700, uko kati ya 3.1 na 1.8 eV, kwa hiyo jibu likitoka nje ya hapo rudia hesabu kabla hujaendelea.

Sehemu (b): 2.105 ni ndogo kuliko 2.28, hivyo hakuna elektroni itakayotoka. Kuongeza ukali wa taa hakusaidii, maana unaongeza idadi ya fotoni na kila moja inabaki na 2.105 yake. Mpaka ni 1240/2.28 = 544 nm, rangi ya kijani. Kwa nm 400 kila fotoni ina 3.10 eV, na elektroni hutoka na nishati isiyozidi 0.82 eV.

kidato_cha_sita: Nimeweka mabano, limetoka sawa. Asanteni sana. Je, swali likitoa urefu wa wimbi ndani ya maji?

mwl_fizikia: Hapo wengi hupotea. Mwanga ukiingia majini kasi na urefu wa wimbi hupungua, masafa hayabadiliki, na nishati ya fotoni hufuata masafa. Mwanga wako wa nm 589 ndani ya maji (n = 1.33, yaani kasi yake hupungua mara 1.33) una urefu wa wimbi wa nm 443. Ukiingiza 443 moja kwa moja unapata 2.80 eV, na utaandika kwamba elektroni zinang'oka wakati hazing'oki. Zidisha kwanza kwa n ili urudi kwenye 589, ndipo ugawanye.