Dagaa na migebuka wamepungua Kigoma: nikope niongeze taa, au niuze chombo?

MwanaMwalo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za muda huu.

Nina kipe kimoja, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu wa kunyanyua, kusini kidogo ya Ujiji, Ziwa Tanganyika. Nilikirithi kwa marehemu baba mwaka 2013. Vijana sita wanakula kupitia chombo hiki, na nyuma yao kuna wake na watoto. Miaka ile ya mwanzo, giza (siku zisizo na mbalamwezi) likiwa zuri, usiku mmoja tulirudi na beseni thelathini za dagaa, na migebuka juu yake. Giza lililopita tumetoka mara kumi na nane. Siku iliyotubariki kuliko zote tulipata beseni kumi na moja. Siku tano hatukurudisha hata pesa ya petroli.

Kilichoninyima usingizi zaidi ni hiki. Juzi nilipasua migebuka kumi kwa mkono wangu. Wanane walikuwa na matumbo matupu. Wawili waliobaki walikuwa na dagaa wachache ambao hata kidole changu cha mwisho kinawazidi urefu. Zamani ukimpasua mgebuka, dagaa wanamwagika.

Kuna mtu yuko tayari kunikopesha niongeze taa nne kubwa za sola na injini yenye nguvu, tuvue mbali kabisa na nchi kavu. Mke wangu anataka tuuze kila kitu tufungue duka. Pale mwaloni wengine wanasema ni mkosi, wengine ni makokoro, zile nyavu za kukokota, wengine ni majirani wa ng'ambo. Samaki wamekwenda wapi, ndugu zangu? Na mimi nifanye nini?

Kibirizi_Asili

Pole sana mkuu. Mimi nasema wazi, ni wa ng'ambo. Usiku ukisimama mlimani unaona taa zao zimejipanga kama mji. Sisi tukizuiwa kuvua wao wanavua. Tanzania ina asilimia 41 tu ya ziwa hili, Kongo 45, Burundi 8, Zambia 6. Tukilinda kipande chetu peke yetu tunawalindia wao.

Uvira_Ziwani

Jambo ndugu. Mimi niko Uvira, Kongo, upande huo unaoutaja. Huku ndakala, yaani dagaa, wamepungua vilevile, na wamama sokoni wanalia. Unajua sisi tunasema nini? Tunasema ni Watanzania wanamaliza samaki, maana tunaona taa zenu zimejipanga kama mji. Mukeke, yule mnayemwita mgebuka, hana pasipoti. Leo yuko kwangu, kesho kwako.

Mzee wa Katonga

Marahaba mwanangu. Nilianza ziwa 1974 na lusenga, ule wavu wa kuchotea, mtumbwi mmoja, karabai moja. Ukiwasha, unasubiri, unachota. Leo chombo kimoja kina taa kumi na mbili. Dagaa huenda penye mwanga mkali kuliko wote, kwa hiyo jirani yako akiongeza mbili, wewe unakosa, na wewe unaongeza nne, naye anaongeza sita. Samaki ni walewale, mnagawana kwa gharama kubwa zaidi. Ukichukua mkopo huo, baada ya magiza mawili utahitaji mkopo mwingine.

Na makokoro msiyasahau. Lumbu, aina nyingine ya dagaa, anazalia kandokando, kwenye maji mafupi, na watoto wa dagaa nao husogea huko kukulia. Anayekokota wavu wa chandarua ufukweni anabeba mbegu. Nimeona kwa macho yangu, baada ya ziwa kufunguliwa Agosti 2024, watu waliotii miezi mitatu yote ya kufungwa uvuvi wakaingia na kokoro wiki ya kwanza tu. Iliniuma mno.

Maji_na_Samaki

Mkuu MwanaMwalo, hayo matumbo matupu yanaeleza mengi. Nilisomea uvuvi, acha nieleze ninavyolifahamu ziwa hili.

Shimo lake refu kuliko yote lina mita 1,470, lakini samaki wanaishi tabaka la juu tu. Huku kaskazini ukishuka mita mia hivi oksijeni inakwisha. Mabaki yote ya viumbe huzama, na rutuba inakaa kule chini. Kinachoipandisha ni upepo wa kusini wa kiangazi, Mei hadi Septemba. Unasukuma maji ya juu kuja kaskazini, na kule kusini, upande wa Mpulungu, Zambia, maji ya chini yanapanda kujaza nafasi. Upepo ukikatika ziwa zima linayumba, kama maji kwenye beseni lililobebwa kichwani. Rutuba ikipanda mwani unaota, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa.

Sasa maji ya juu yamepata joto. Maji ya joto ni mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi na upepo unashindwa kuyachanganya. Utafiti uliotolewa 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na hilo peke yake lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Utafiti mwingine, wa 2016, ulichunguza matope ya chini tabaka kwa tabaka na kuhesabu mabaki ya samaki. Ulionyesha kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa miaka ya 1950.

Sasa asije mtu akasema basi makokoro hayana kosa. Shamba likipungua rutuba, anayevuna mara mbili analiua haraka zaidi. Ndiyo maana mimi naunga mkono kufunga, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nchi zote nne kwa pamoja. Dagaa anaishi kama mwaka mmoja na anazaa upesi, akipewa nafasi anarudi. Mgebuka anahitaji miaka kadhaa.

Kwenda mbali na injini kubwa hakutakupa maji yenye rutuba zaidi. Kutakupa bili ya petroli.

MamaDagaa

Mwanangu, usiuze chombo na usikope. Nakuuliza, dagaa wako unawaanika wapi? Kama ni mchangani, unapoteza pesa kuliko taa nne zitakavyoleta. Dagaa wa mchanga mteja anamtafuna, anatema, harudi. Mvua ikinyesha mchana mmoja unamwaga beseni zote. Mimi nina vichanja sita, mbao chini, wavu juu, urefu wa kiuno, na turubai pembeni. Wanakauka pande zote mbili wanakuwa weupe wanang'aa. Wateja wangu wa Dar wanalipa bei ya juu bila kubishana.

MwanaMwalo

Asanteni sana, na shikamoo mzee na mama. Kaka wa Uvira, nimekuelewa. Nimemwonyesha mke wangu uzi huu, tumekubaliana mkopo hapana. Duka litaanza dogo, kibarazani, la kutubeba miezi ya kufunga. Kipe kinabaki.

Mama, ni kweli naanika mchangani, tangu enzi za baba. Hicho kichanja kimoja kinabeba beseni ngapi, na wavu wa juu ni wa tundu gani? Giza linaingia wiki ijayo, nataka viwili viwe vimesimama kabla hatujatoka.

MamaDagaa

Kimoja chenye mita sita kwa moja na nusu kinabeba beseni tatu ukiwatandaza wembamba. Chukua wavu wa dagaa uliochakaa, usinunue mpya. Vuta ukaze sana kabla ya kupiga misumari, la sivyo utabonyea katikati na dagaa watalundikana.