Kinyonga wa pembe tatu kwenye fensi ya kayaba: nimpeleke wapi?

BabaNjeri

Wadau, habari za mchana. Naomba ushauri wa haraka, maana mwenyewe yuko hapa barazani ananingoja.

Naishi Dagoretti, Nairobi, ploti ya futi hamsini kwa mia. Mbele nina nyasi kidogo na mlimau mmoja, nyuma sukuma. Upande wa jirani kuna fensi ya kayaba ambayo marehemu baba aliipanda, sasa imenipita kimo. Leo kijana anayenisaidia kazi za shamba alikuwa akiipunguza kwa panga, tawi likaanguka na kinyonga juu yake, bado amelikumbatia. Kijani kibichi, pembe tatu usoni kama kifaru aliyeongezewa moja. Jicho moja lilinitazama mimi, la pili likabaki kwa kijana na panga yake.

Kijana akaokota jiwe. Nikamwambia weka chini. Nimemfunika kinyonga kwa karai la plastiki, yeye na tawi lake. Mama Njeri ametangaza kwamba hiyo kitu ikivuka mlango, yeye leo analala kwao. Juu ya hayo, jirani amekuwa akinisukuma tung'oe kayaba yote tujenge ukuta wa mawe, na leo amepata hoja mpya.

Maswali mawili. Nimpeleke msitu wa Karura, au wa Ngong? Na kama anaweza kubaki, nifanye nini nisije nikamuua kwa kazi zangu mwenyewe? Utotoni hapa tuliamshwa na ndege wa kila namna. Siku hizi nasikia kwarara tu, wakija kutoboa nyasi wakitafuta minyoo.

Mwanakichaka

Baba Njeri, toa karai sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Jua la mchana juu ya plastiki litamchemsha.

Umetoa? Haya. Usimpeleke Karura wala Ngong. Mrudishe kwenye fensi ileile, sehemu ambayo panga haijafika. Usimvute kutoka kwenye tawi, maana ameng'ang'ania kwa vidole na mkia. Liegemeze tawi kwenye kayaba, atavuka mwenyewe kwa wakati wake (na wakati wake unaujua). Usimwekee bakuli la maji, yeye hunywa matone kwenye majani. Wala usifikirie kumfuga: kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kumweka bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa.

Huyo ni dume, na aina yake haitagi mayai, majike huzaa watoto hai. Kuhusu kuwahamisha, kuna kisa. Mwaka 1972 ndugu zake walisafirishwa kutoka Kenya hadi Hawaii kuuzwa. Mwenye duka akaona wamedhoofika kwa safari, akawaachilia bustanini wapate nguvu. Wakatawanyika, na leo huko wanahesabiwa wavamizi, wanakula wadudu na konokono wa kwao. Kwa huruma tu.

MamaRiruta

Mwambie Mama Njeri namwelewa kabisa. Sisi tulikuzwa na hadithi ya kinyonga aliyetumwa kutuambia hatutakufa, akasitasita njiani mpaka ndege akampita na habari nyingine. Mpaka leo nikimwona natema mate kando. Lakini hana sumu, na hana mbio za kukufuata.

La kwangu ni panya. Mwaka juzi niliweka sumu stoo. Panya walikufa kweli, wengine wakatoka nje wakiyumba. Baada ya siku chache nikaokota bundi chini ya mparachichi, mabawa wazi, hana jeraha hata moja. Majirani walifurahi, wakasema kisirani kimeondoka. Baada ya miezi miwili panya walirudi, bundi hakurudi. Siku hizi natumia mtego wa waya na pipa lenye kifuniko.

FundiMajani

Kazi yangu ni kukata fensi za watu, kwa hiyo nisikilize kwenye hili. Usiku wa kuamkia siku ya kukata, pita na tochi. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, na hupenda ncha za matawi, kwa hiyo kwenye mwanga anaonekana kama jani lililokauka vibaya. Funga kitambaa pale alipo, kesho unaruka hapo. Halafu usikate fensi nzima kwa siku moja. Kata theluthi, ngoja ichipue, rudi. Ukiona kiota chenye mayai, ondoka.

Mlimau wako nao. Ukiona kitu juu ya jani kama kinyesi cha ndege, cheusi na cheupe, kiguse taratibu. Kikitoa vipembe viwili vyekundu vyenye harufu kali, ni kiwavi wa kipepeo. Watu huleta dawa ya kunyunyiza, na dawa hiyo inaua kila mdudu ambaye kinyonga angemla. Mlimau mkubwa hauumizwi na viwavi watano.

Kayaba asili yake ni kusini mwa Afrika, si ya hapa, lakini kuing'oa yote kwa sababu tu ni mgeni ni kuvunja nyumba yenye wapangaji. Jaza mapengo kwa miti ya kwetu. Muhuti unakubali tawi nene lililochomekwa ardhini mvua zikianza, na ukitoa maua mekundu, ndege chozi watakuja wenyewe.

Dago_Corner

Mnaongea vizuri, lakini nyoka je? Kayaba ya kimo hicho ni hoteli. Mimi niko upande wa jirani.

FundiMajani

@Dago_Corner swali la haki. Nyoka hufuata panya na vyura, na panya hufuata taka. Weka nyasi fupi karibu na nyumba, toa marundo ya mawe na mbao ukutani, vurugu ya matawi na majani ibaki kule mwisho wa ploti. Ukimwona, simama mbali, piga simu KWS. Wengi huumwa wakijaribu kumuua. Ukuta wa mawe nao una nyufa, bosi.

BabaNjeri

Nimerudi. Aliegemezwa kwenye kayaba saa kumi. Alichukua karibu dakika ishirini kuvuka, akiyumbayumba kama jani kila hatua.

Saa mbili usiku nilipita na tochi. Yuko palepale, rangi imepauka kama Fundi alivyosema. Mita mbili kando yake nikaona mwingine mdogo, hana pembe ndefu. Kijana amefunga vitambaa viwili na ameomba tochi abaki nayo.

Mama Njeri alisimama mlangoni, hakutoka. Aliuliza tu kama yule wa pili ndiye mke.