Nimezuiwa kufanya UE (mtihani wa mwisho wa muhula) kwa alama 2 kwa sababu nililazwa. Fomu ya ugonjwa inamtaka mgonjwa aje mwenyewe!

Wakuu, habari za leo. Nina hasira na sitaificha, mnivumilie.

Nasoma mwaka wa pili kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Nina sikoseli, ile inayoitwa selimundu. Chuo kinajua tangu siku ya kwanza. Fomu ya uchunguzi wa afya tuliyoagizwa kuja nayo wakati wa kujiunga, daktari aliiandika wazi, akagonga muhuri, nikaikabidhi dirishani pamoja na vyeti vyangu. Ipo kwenye faili langu.

Kwetu koziweki, yaani testi na kazi za ndani ya muhula, ni alama 40 na UE ni 60. Usipofikisha 16 katika zile 40, somo hilo hufanyi mtihani, unalirudia mwakani. Testi ya kwanza nilipata 6, ya pili 5, kazi ya kikundi 3. Jumla 14. Ilibaki asaimenti ya mtu mmoja mmoja yenye alama 15, ya kupandisha kwenye mfumo Ijumaa kabla ya saa 6 usiku. Hata ningeokota alama 2 tu ningevuka. Nimepewa sifuri.

Jumatano ya wiki hiyo niliandika mpaka usiku. Baridi ya Juni ya huku aliyewahi kuishi anaijua. Kwa mtu mwenye sikoseli, baridi, kiu, homa au uchovu, chochote kati ya hivyo kinatosha kuamsha maumivu. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na pale isipofika ndipo panapowaka moto. Mimi huanza magotini, kisha kiunoni. Safari hii yalipanda mpaka kifuani, na kifua kikishaguswa ni hatari ya kufa. Mwenzangu wa chumba akisaidiana na mlinzi wa hosteli walinibeba mpaka kwenye bajaji. Zahanati ya chuo ilikuwa imefungwa, tukaenda hospitali.

Nililala wodini siku 6. Oksijeni, dripu, sindano za maumivu, chupa mbili za damu. Siku mbili za mwanzo sizikumbuki vizuri. Asaimenti ilikuwa kwenye kompyuta hosteli, imebaki hitimisho na marejeo tu. Mpaka leo ukilifungua faili unaona lilihifadhiwa mara ya mwisho Jumatano saa 4:40 usiku, chini ya saa mbili kabla sijabebwa.

Sasa sikilizeni hili. Ijumaa asubuhi, muda haujaisha bado, mwenzangu alikwenda ofisi ya idara kuniombea muda. Alikuwa na picha ya karatasi ya kulazwa, na namba ya simu ya mama yangu aliyekuwa ameshafika wodini. Akajibiwa kuwa fomu ya ugonjwa haijazwi na mtu mwingine. Mgonjwa aje mwenyewe, ndani ya siku 3 tangu augue, na fomu iwe na muhuri wa zahanati ya chuo.

Mgonjwa aje mwenyewe! Mtu yuko kwenye oksijeni!

Niliruhusiwa Jumanne, Jumatano nikapanda ngazi za ofisi nikishika ukuta. Muda umepita, wakasema. Nikaenda zahanati kuomba muhuri, mganga akasema hawezi kugongea ugonjwa ambao hakuutibu yeye. Na mganga simlaumu, ana haki. Nikarudi idarani, nikaambiwa bila muhuri wa zahanati karatasi za hospitali hazipokelewi. Nikamwendea mwalimu wa somo. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikaeleza, naye akaniambia: "Binti, sikoseli siyo ugonjwa wa ghafla. Unajua unao tangu umezaliwa. Ungejipanga."

Mpaka leo maneno hayo hayajatoka kichwani. Kujua una ugonjwa na kujua tarehe utakayoanguka ni mambo mawili. Nakunywa dawa kila siku, nakunywa maji mpaka darasani wananishangaa, nalala na blanketi mbili. Kujipanga gani kumebaki? Kaka yangu alifariki kwa ugonjwa huu huu akiwa na miaka 9. Mama aliyekuja kukaa pembeni ya kitanda changu ni yule yule aliyekaa pembeni ya kitanda chake. Nyumbani kwetu hakuna asiyejua kujipanga.

Na iliyoniuma zaidi, wiki ile ile niliyolazwa ilikuwa na tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani. Nchi yetu Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, makadirio yanayotajwa kila mara ni kama 11,000 kwa mwaka. Wanaookoka wanakua, wanafaulu, wanakuja vyuoni. Siwezi kuwa peke yangu kwenye chuo hiki.

Najua kuna wanafunzi wananunua karatasi za ugonjwa ili waongezewe siku. Wapo, tunawajua. Basi pigeni simu hospitali! Namba ya faili ipo, jina la daktari lipo, tarehe ya kuingia na ya kutoka zipo. Dakika tano tu. Hakuna aliyepiga. Wameona rahisi kuniona mwongo.

Kurudia somo kunalipiwa, na mimi ni mtoto wa bumu, naishi kwa hela ya mkopo wa wanafunzi. Bima ya afya ya wanafunzi nilikatwa shilingi 50,400, kadi ikanitibu bila shida kwenye hospitali ile ile ambayo karatasi zake chuo kinazikataa.

Nimeshaandika barua kwa mshauri wa wanafunzi na nakala kwa mkuu wa idara, nikaambatisha karatasi ya kuruhusiwa na picha ya lile faili lenye saa. Nimeambiwa nisubiri kikao. UE inaanza Jumatatu, na kikao hakuna anayejua ni lini.

Mwenye kufahamu, hasa waliowahi kukata rufaa ya koziweki kwa sababu ya kulazwa: mliandika kwa nani ikasikilizwa haraka? Je, naweza kuomba niruhusiwe kufanya mtihani wakati rufaa inaendelea, halafu matokeo yashikiliwe? Na wenzangu wenye sikoseli mliomaliza chuo, mlikubaliana vipi na walimu wenu mapema? Nijibuni hapa hapa, nasoma kila kinachoandikwa.

Asaimenti nilishaimalizia Alhamisi. Kurasa 11. Jana nimeichapa nikaipeleka idarani mkononi, wakanirudishia.