Ukoo wa Chumbageni: vitambaa vya meza

Dada Zuhra, 13:05
Assalam alaykum ndugu zangu. Vile vitambaa vyeupe tulivyoazima kwa jirani siku ya akdi bado viko kwangu kwenye beseni na keshokutwa vinatakiwa. Viwili vina manjano ya biriani, kimoja piko, kingine sijui chai sijui damu ya kuku. Nani anakuja kufua??

Dada Zuhra, 13:52
Naona mnasoma tu

Kaka Idi, 13:58
Mi nilikula wali mweupe 😂😂

Dada Zuhra, 13:59
Idi sitaki utani. Nimepaka sabuni ya mche doa la manjano likageuka JEKUNDU, roho yangu imeruka

Mama Twaha, 14:20
Usiogope manjano yakikutana na sabuni ndo yanavyofanya, suuza kwa maji mengi rangi yake itarudi halafu anika juani kikiwa kibichi hivyohivyo, jua ndo linakula manjano, kesho rudia tena. Hicho usichokijua anza na maji ya baridi, kama ni damu maji ya moto yanaipika inashika moja kwa moja

Shangazi Mombasa, 14:31
Tia jiki na siki pamoja, yatoka nyeupe pepepe

Mama Twaha, 14:32
SHANGAZI HAPANA!! Unisamehe shangazi yangu lkn jiki haichanganywi na siki wala ndimu, inatoa gesi ya klorini, ukifulia chooni umefunga mlango utatolewa umebebwa

Shangazi Mombasa, 14:40
Mimi nafua tangu hamjazaliwa nyote

Kaka Idi, 14:41
Kumbe ndo maana mjomba hakuacha kukohoa

Salha, 14:41
😂😂😂😂 Idi utalaaniwa

Kaka Idi, 14:43
Na ile kanzu yake ya Idi iliyotoka na ramani ya Afrika

Dada Zuhra, 14:50
JAMANI. Piko je?

Mama Twaha, 15:17
Piko sikudanganyi, ile ni rangi ya nywele. Kama kitambaa ni pamba tupu jaribu jiki yenye maji mengi kwenye pindo kwanza. Kama ni hariri usithubutu, jiki inaiharibu

Dada Zuhra, 15:20
Na aliyeegemea meza na piko bichi anajijua

Wifi Mwana, 15:22
Kama ni mimi nitaje. Mbona yale masufuria ya harusi ya Rehema hakuna aliyeulizwa mpaka leo

Dada Zuhra, 15:23
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Wifi Mwana, 15:23
Nimeshausoma

Salha, 16:05
Bibi kanambia niandike alivyosema: "Masufuria niliyasamehe mimi, nani kayafukua? Vitambaa vya watu virudi siku ileile mliyoahidi, vikiwa na doa au bila doa. Na Zuhra uende wewe mwenyewe ukamwambie mwenzio, usimtume mtoto. Yule alikaa na babu yenu usiku ule nyie mko mbali."

Shangazi Mombasa, 17:30
Tumesikia mama

Kaka Idi, 17:44
Sawa Bibi. Mi natoa elfu tano ya kitambaa kipya

Dada Zuhra, 17:46
Kimoja hakipatikani kwa elfu tano Idi. Wengine?

Dada Zuhra, 19:10
Wengine??

Baba Mdogo, 22:38
Waalaykum salaam. Ndo nafungua simu. Vitambaa vya nani?

Mama Twaha, 22:51
Zuhra kesho nina zamu, nikija ni baada ya adhuhuri. Usipige pasi kabla doa halijatoka

Dada Zuhra, 22:52
Haya. Ila huku wingu tangu alasiri. Na wifi hajasema kama anakuja