Amelipia mbuzi sita tangu Februari, hajaja kuwachukua, na sasa ananidai mimi

Ndugu wafugaji wenzangu,

Nimefuga mbuzi karibu na Bweyale, wilayani Kiryandongo, Uganda, kwa miaka kumi na moja, na muda wote huo nilizoea kumwogopa mnunuzi asiyelipa. Sikujua kwamba yuko mwingine wa kuogopwa zaidi, yaani yule anayelipa mpaka shilingi ya mwisho, kisha anakuachia wanyama wake uwalishe, uwatibu, uwalinde usiku na uwazike wakifa, na ukimwuliza atakuja lini anakujibu kwamba yeye hadaiwi na mtu. Naandika nikiwa na hasira, na baada ya miezi minane nadhani ninayo haki ya kuwa nayo.

Tarehe 12 Februari mwaka huu mtu anayeishi Kampala alinunua kwangu majike watano na dume mmoja. Asili yake ni West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, nami ni mtu wa Bunyoro huku magharibi, na lugha zetu ni tofauti, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakuna neno ambalo mmoja wetu anaweza kudai kwamba hakulielewa. Aliwachagua mwenyewe kwa video, mmoja baada ya mwingine, huku kijana wangu wa machungani akiwashika pembe na kuwageuza mbele ya simu ili aone meno, kwato na viwele. Jike mmoja mweupe mwenye sikio moja jeusi alimpenda sana hata akaniomba nimrudishe mbele ya simu mara ya pili. Majike tulikubaliana shilingi 350,000 kila mmoja, na dume, ambaye ni chotara wa Boer, aina ya mbuzi wa nyama, shilingi 900,000. Jumla ilikuwa shilingi 2,650,000, naye alinitumia zote kwa simu jioni ileile. Akaniambia, "Mzee wangu, Jumamosi lori la rafiki yangu litapita hapo likitoka Gulu, niandalie karatasi zote."

Nikamwandalia. Siku ya Ijumaa nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kuchukua barua ya kuthibitisha kwamba mbuzi ni wangu na kwamba nimewauza, kisha nikapanda bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo wa wilaya kuomba kibali cha kuwasafirisha, kwa sababu mnyama hapiti kwenye kizuizi cha barabarani bila karatasi hiyo. Kibali kinataja idadi ya wanyama, wanakotoka na wanakokwenda, na siku zake ni chache. Jumamosi mbuzi wale sita hawakwenda malishoni. Tuliwafunga chini ya mwembe tangu saa moja asubuhi, tumewapaka rangi ya buluu pembeni ili wasichanganywe na wengine, na tukasikiliza kila lori lililopunguza mwendo barabarani mpaka jua likazama. Lori halikuja. Kibali kilikwisha muda wake kikiwa kimekunjwa ndani ya mfuko wa shati langu.

Visingizio vilivyofuata sitavieleza kirefu. Lori liliharibika, kisha shamba lake halikuwa na uzio, kisha alikuwa na msiba, kisha alikuwa safarini, kisha simu yake ikawa haipatikani kwa majuma mazima. Msiba ninauheshimu, na nilimpa pole kwa moyo mweupe. Hata hivyo msiba haudumu kuanzia Februari hadi Oktoba, na mtu aliyefiwa bado anaweza kumtuma ndugu yake, au kuniambia wazi kwamba ameshindwa na tutafute njia nyingine.

Mwezi wa Mei, mvua zikiwa nyingi, yule jike mweupe mwenye sikio jeusi alianza kukohoa. Siku ya pili alisimama peke yake kwenye kona ya banda, shingo ameinyoosha mbele, mdomo wazi, akivuta pumzi kwa ubavu mzima, na kamasi zimegandia puani. Nilimtenga na wenzake saa ileile, nikamwita daktari wa mifugo, akamchoma sindano siku tatu mfululizo kwa fedha zangu. Nilimpigia mwenye mbuzi mara saba bila kujibiwa. Nikamtumia picha na sauti yenyewe ya mnyama akipumua, na alama za WhatsApp zikaonyesha kwamba amezisikia na kuziona. Usiku wa nne mbuzi akafa. Daktari aliniandikia karatasi ya kueleza ugonjwa na dawa alizotumia, mwenyekiti akatia sahihi kwamba ameuona mzoga, nasi tukauchimbia shimo refu nyuma ya shamba la muhogo. Nyama hatukula, wala hatukumpa mbwa hata kipande.

Siku kumi na mbili baadaye mnunuzi akajibu. Alisema kwamba huyo aliyekufa alikuwa wangu, kwamba wa kwake ni wale walio hai, na kwamba nimhesabie mwingine badala yake. Yule aliyemchagua mwenyewe, aliyeniomba nimwonyeshe mara mbili, sasa amegeuka kuwa mbuzi wangu kwa sababu tu amekufa! Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu nikiyasoma tena maneno yale.

Dume naye ana habari yake. Banda langu lina dume langu la siku zote, mweusi, wa aina ya Mubende, na madume wawili waliokomaa hawakai pamoja kwa amani. Ilibidi nimjengee mgeni chumba chake. Mwezi wa Aprili aliuvunja mlango kwa pembe, nami nikalipa mbao, misumari na fundi. Wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja akaja mtu na shilingi 1,200,000 taslimu akimtaka dume huyohuyo, na nikamwambia kwamba si wangu, amekwisha kuuzwa. Aliniangalia kana kwamba akili zangu hazimo, kisha akaenda kununua kwa jirani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tarehe 2 Agosti mmoja wa majike yake alizaa mapacha, wote wawili weusi tititi, wanang'aa kama dume langu, wakati mama yao ni wa rangi ya udongo na dume wa mnunuzi ni mweupe mwenye kichwa chekundu, tena alikuwa amefungwa peke yake. Kila mfugaji anajua kwamba mbuzi hubeba mimba kwa muda wa miezi mitano hivi. Rudini nyuma mkahesabu, na mtaona kwamba mimba iliingia mwanzoni mwa Machi, majuma mawili au matatu baada ya ile Jumamosi ambayo lori lilipaswa kuja. Angekuja kama alivyoahidi, mapacha hawa wasingekuwapo. Walipatikana kwa dume wangu, mama yao alilishwa kwa pumba nilizonunua mimi, na usiku wa kuzaliwa kwao ni mke wangu aliyeshika taa na kumfuta wa pili, ambaye alitoka dhaifu na nusura atupotee.

Nilimwarifu mnunuzi kwa uaminifu, ingawa ningeweza kunyamaza. Safari hii alijibu ndani ya dakika tano. Alifurahi, akasema watoto humfuata mama, kwa hiyo sasa ana mbuzi wanane, nami niendelee kuwatunza vizuri. Nilipomwandikia hesabu ya gharama alijibu kwamba hakuniomba nimtunzie, na kwamba mimi ndiye ninayemdai fedha kwa ujanja.

Kwamba mtoto humfuata mama sipingi, ndiyo desturi yetu. Ninachopinga ni mtu kuchukua faida ya kuzaliwa na kunisukumia hasara ya kufa, kwa wanyama walewale, katika banda lilelile. Kama wote ni wake, basi aliyekufa ni wake pia, na majani, chumvi na dawa ni deni lake. Kama si wake mpaka atakapowachukua, basi hata mapacha si wake. Achague moja!

Hesabu yenyewe niliiandika kwa kujibana, kwa sababu sitaki kuitwa mnyang'anyi. Kijana wa machungani namlipa shilingi 140,000 kwa mwezi, na mbuzi wa mnunuzi ni sita kati ya arobaini na wawili, kwa hiyo nilimwandikia sehemu ya saba tu, yaani shilingi 20,000 kwa mwezi, jumla 160,000 kwa miezi minane. Mmoja alikufa Mei, lakini wawili waliozaliwa Agosti wamechukua nafasi yake na zaidi. Pumba na maganda ya muhogo ya kiangazi ni 90,000, dawa ya minyoo 48,000, dawa ya kupe 36,000, chumvi 40,000, daktari 85,000, na mlango 70,000. Zote ni shilingi 529,000. Sikumtoza usiku tulioukesha, wala sikumtoza ile tofauti ya shilingi 300,000 niliyoikosa kwa dume kabla ya Idi.

Wapo jirani zangu wanaoniambia niwauze tu na kula fedha, kwani aliyeacha mali yake ameitupa. Siwezi. Fedha yake niliipokea, na tangu siku ile mbuzi wale ni amana mikononi mwangu. Nikiwauza kimyakimya, siku atakapotokea na polisi nitaitwa mwizi wa mbuzi mbele ya watoto wangu, naye atakuwa na ushahidi wa malipo ndani ya simu yake. Hata kama asingetokea kamwe, ningejua mwenyewe.

Lakini amana haina maana kwamba mimi ni mtumishi wake wa bure. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 inayohusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma imelieleza jambo hili: muuzaji akiwa tayari kukabidhi mali, akamtaka mnunuzi aje kuichukua, na mnunuzi asije katika muda unaofaa, mnunuzi huyo anawajibika kwa hasara iliyotokana na kuchelewa kwake na kwa gharama ya kadiri ya kuitunza mali. Vilevile, makabidhiano yakicheleweshwa kwa kosa la upande mmoja, hasara ambayo isingetokea bila ucheleweshaji huo inauangukia upande wenye kosa. Nilipoyasikia haya nilijilaumu kwa kukaa kimya miezi yote ile nikidhani kwamba fedha ikishapokewa mdomo wa muuzaji umefungwa.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilimwandikia barua, kwa karatasi na kwa simu, mwenyekiti wa LC1 akiwa shahidi. Nimempa siku ishirini na moja aje na shilingi 529,000, achukue majike wanne, dume na mapacha, nami nitamtafutia kibali kipya kwa gharama yangu. Asipokuja, nitapeleka shauri kwenye mahakama ya hakimu kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na nitaiomba mahakama iamue mbuzi wauzwe hadharani, nilipwe gharama zangu, na kinachobaki apewe yeye. Sitaki hata shilingi moja iliyo yake. Barua ameisoma, hajajibu.

Na kuanzia sasa simwuzii mtu kwa video bila karatasi. Atatoa arbuni tu, na salio atalilipa akiwa amesimama mlangoni mwa banda. Karatasi itataja tarehe ya kuchukua, siku saba za bure baada ya tarehe hiyo, kisha shilingi 2,000 kwa kila mbuzi kwa kila siku, nani anabeba hasara ya kifo baada ya siku hizo, na mtoto atakayezaliwa ni wa nani. Kama tungeyaandika haya Februari, leo nisingekuwa ninabishana na mtu kuhusu rangi ya mbuzi.

Ninawaomba wale waliowahi kupita njia hii wanisaidie katika jambo moja. Kuhusu aliyekufa sina wasiwasi, kwa kuwa karatasi ya daktari ninayo. Lakini mapacha ni weusi, dume ni wangu, na mnunuzi hajalipa hata ada ya kupandisha. Je, kuna aliyefika mbele ya hakimu na mnyama aliyezaliwa akiwa bado katika banda la muuzaji baada ya kulipiwa, na hakimu aliwahesabu watoto upande gani? Zimebaki siku kumi na nne, na jike mwingine wa kwake ameanza kujaza kiwele.