Naombeni ushauri: narudia albamu zangu za zamani za roki, nimsikilizishe mpwa wangu mpiga gitaa gani asiyetajwa sana?

Mwana Shangani (Mtwara)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nimezitoa kaseti zangu za roki zilizolala kabatini miaka mingi: Dire Straits, AC/DC, Thin Lizzy, Queen, Fleetwood Mac ya mwanzo mwanzo, na nyingine ambazo maandishi ya jalada yameshafutika.

Aliyenirudisha huko ni mpwa wangu. Yuko kidato cha tatu, kapata gitaa, na mkono anao kweli. Tatizo ni kwamba wote anaowasikiliza kwenye simu ni wapiga solo wa mbio. Hendrix, Santana, Van Halen, basi. Mwambie ashike rithimu, yaani gitaa la kusindikiza, ya wimbo mmoja mwanzo hadi mwisho bila kuchomekea manjonjo, dakika ya pili tu keshachoka.

Na mimi katika kurudia nimeona sikio langu limehama. Albamu kadhaa nilizokuwa nazipenda kwa sababu ya solo moja tu zimepwaya. Dire Straits, kwa mfano: Brothers in Arms ya 1985 bado naipenda, ila sasa ninayoirudia zaidi ni ile yao ya kwanza ya 1978. Mark Knopfler anapiga kwa vidole vitupu, anaimba mstari, gitaa linajibu, kama wazee wawili wanaopokezana maneno barazani. Hakuna noti ya kujionyesha hata moja. Hicho ndicho nataka kijana akisikie.

Naomba mambo mawili. Kwanza, nitajieni wapiga gitaa ambao hawapewi haki yao, na albamu gani nianze nayo. Albamu nzima tafadhali, wimbo mmoja mmoja haumfundishi mtu. Pili, kaseti zangu nyingi zina utando mweupe wa ukungu. Hewa ya huku mnaijua. Zinaokoleka?

Fundi Mikindani

Kaka, nianze na hilo la pili kwa sababu ndilo lenye haraka. USIZIWEKE KWENYE REDIO. Ukungu wa kaseti moja unabaki kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, na kwenye rola la mpira linaloivuta, na kaseti safi utakayoweka baadaye nayo inaambukizwa.

Ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ziache zikauke kabisa. Halafu vaa barakoa, toka nje, futa taratibu kwa pamba kavu huku unaizungusha kanda kwa mkono. Kasha lenye skrubu tano linafunguka, kwa hiyo kanda unaweza kuihamishia kwenye kasha lingine safi. Lile lililogandishwa kwa gundi ni kazi ya subira, niachie mimi. Angalia pia kisponji kinachoisukuma kanda igusane na hedi. Kikidondoka, sauti inafifia na watu wanadhani kanda imekufa.

Hedi isafishwe kwa spiriti. Rola la mpira usilipake spiriti mara kwa mara, inalikausha. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha.

Zikishakuwa safi, zihamishie kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Waya utoke tundu la hedifoni uingie tundu la kuingizia sauti, urekodi kwa Audacity, ni programu ya bure. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, ambalo inakula karibu MB 10 kwa dakika, yaani kaseti ya dakika 90 ni kama MB 900. Ni kubwa lakini ndiyo nakala mama. Kama sauti nyembamba hazisikiki, kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi. Igeuze kidogo sana hadi matoazi yang'ae.

Na hili linahusu swali lako la kwanza. Wengi wetu tulizisikia albamu hizi kwenye redio ya spika moja, tena nakala ya nakala. Back in Black ya AC/DC, ya 1980, ndugu wale wawili, Angus na Malcolm Young, kila mmoja kawekewa gitaa lake upande wake. Kwenye spika moja wanachanganyika, unamsikia Angus peke yake. Mvalishe kijana hedifoni, mwambie avue sikio moja, kisha abadilishe. Atakutana na Malcolm Young, ambaye huenda hajawahi kumsikia maishani.

Mzee wa Solo (Lindi)

Fundi kaligusa. Malcolm alifunga nyuzi nene, gitaa lake hakulikoroga sauti sana, na bendi nzima ilikuwa inamfuata yeye. Alifariki 2017. Ukimtoa kwenye zile nyimbo, hata mdogo wake hana pa kusimama.

Lakini Mwana Shangani, huyo mpwa umpitishe kwanza nyumbani. Sisi tuliokulia kwenye dansi tulijua bendi ina solo, ina gitaa la kati, ina rithimu, ina besi, na kila mtu anabaki kwenye njia yake. Mbaraka Mwinshehe kila mtu anamtaja, na ni haki yake, tangu Morogoro Jazz hadi Super Volcano, mpaka ajali iliyomchukua kule Mombasa Januari 1979. Sasa uliza watu kumi barabarani ni nani alikuwa anampigia rithimu. Kimya. Na bila ile rithimu, solo ya Mbaraka ingetembea juu ya nini?

Akishalielewa hilo mpe Jailbreak ya Thin Lizzy, ya 1976. Scott Gorham, Mmarekani, na Brian Robertson, Mskoti, wanapiga melodi moja, mmoja juu na mwingine chini, wanakwenda pamoja kama walizaliwa siku moja. Mtoto aliyesikia gitaa la kati na solo zikifumana kwenye dansi atawashika haraka kuliko mtoto wa Ulaya. Mimi naamini hivyo kabisa.

Nachingwea Kwetu

Rory Gallagher. Irish Tour '74. Nimemaliza.

Mwana Shangani

@Nachingwea Kwetu, fafanua kidogo mdogo wangu, huyo kwenye kaseti zangu hayumo.

Nachingwea Kwetu

Sawa kaka. Ni wa Ireland, alizaliwa 1948, akafariki 1995. Albamu hiyo imerekodiwa jukwaani, ikiwemo Belfast, Ireland ya Kaskazini, wakati bendi nyingi zilikuwa zinaukwepa mji ule kwa sababu ya machafuko. Yeye alikwenda. Gitaa lake, aina ya Stratocaster, aliinunua 1963 kwa pauni 100 na kuilipa kidogo kidogo, akaipiga hadi rangi ikabanduka karibu yote. Gitaa moja, amplifaya, jasho. Kijana anayesubiri kununuliwa vifaa kwanza ndipo apige vizuri, huyu ndiye wa kumsikiliza.

Dada wa Kwaya (Masasi)

Habari zenu kaka zangu. Mbona hamjamtaja mwanamke hata mmoja?

Mimi napiga gitaa kwaya ya kanisani hapa Masasi. Aliyenifungua masikio ni Sister Rosetta Tharpe, Mmarekani wa Arkansas, aliyezaliwa 1915. Alikuwa anaimba nyimbo za Injili huku anapiga gitaa la umeme, na rekodi yake ya 1944 wengi wanaihesabu miongoni mwa mizizi ya roki yenyewe. Yaani hao wote mliowataja wamepita kwenye njia aliyoichonga mama huyu. Ipo video ya 1964 akipiga kwenye stesheni ya treni iliyofungwa, Manchester, amevaa koti, watu wamekaa ng'ambo ya reli. Aitazame mikono yake. Solo zake ni fupi, zinaingia pale pumzi ya mwimbaji inapoishia, zinatoka kabla hazijachosha. Heshima ya kuingizwa kwenye jumba la roki la Marekani aliipata 2018, miaka 45 baada ya kufa. Mimi huwa linaniuma.

Usimnyime kijana solo, kaka. Mwonyeshe solo inayojua inaingia wapi.

Mwana Shangani

Dada yangu, ahsante sana. Video hiyo tutaitazama naye leo hii hii.

Korosho Grade One (Newala)

Naunga mkono dada. Ukimwambia kijana wa umri ule "acha solo, shika rithimu" ataliweka gitaa uvunguni. Mtafutie mtu anayefanya yote mawili. Terry Kath wa bendi ya Chicago. Watu wanaikumbuka Chicago kwa nyimbo laini za mapenzi na tarumbeta, lakini albamu ya kwanza ya 1969, Chicago Transit Authority, ina gitaa kali mno, na mwenye gitaa hilo ndiye pia anayeimba baadhi ya nyimbo na kupiga rithimu chini ya zile tarumbeta. Alifariki 1978 akiwa na miaka 31, ndiyo maana jina lake limefunikwa.

Jingine, majirani zetu wa Zambia. Miaka ya 70 walikuwa na roki yao wenyewe, leo inaitwa Zamrock. Bendi ya WITCH, sikiliza Lazy Bones!! ya 1975. Paul Ngozi na Ngozi Family. Rikki Ililonga, albamu yake inaitwa Zambia, nayo ya 1975. Shaba ilipoporomoka bei, uchumi ukayumba na muziki ule nao ukadidimia, na miaka mingi hakuna aliyewatafuta hadi albamu zilipoanza kutolewa upya. Magitaa yao yanakwaruza, studio zilikuwa za kawaida, lakini rithimu imekaa Kiafrika kabisa. Kwangu hawa wanakaa mbele ya Thin Lizzy, mzee wa Lindi anisamehe.

Mzee wa Solo (Lindi)

Sina ugomvi kijana wangu. Ila Thin Lizzy hawashuki.

Mwana Shangani

Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimepanga hivi: Rosetta kwanza, kisha Mbaraka, kisha WITCH, ndipo Malcolm kwa hedifoni sikio moja moja kama alivyosema Fundi. Rory nitamtafuta. Na kutoka kwenye kaseti zangu mwenyewe naongeza Then Play On ya Fleetwood Mac, ya 1969, mpiga gitaa Peter Green akiwa bado yumo. Mwaka uliofuata aliondoka. Anapiga noti chache na zote zina uzito, na nikimtaja leo wengi wananiuliza ni nani huyo, kwa sababu Fleetwood Mac wanayoijua ni ile iliyokuja baadaye.

Fundi, hiyo kaseti ndiyo yenye ukungu kuliko zote, na kasha lake limegandishwa, halina skrubu. Nije lini?

Fundi Mikindani

Njoo Jumamosi baada ya saa kumi jioni, pale karibu na boma la zamani, uliza fundi redio utaonyeshwa. Ifunge kwenye mfuko wake peke yake, isichangamane na nyingine. Na mlete mpwa wako, kasha la kaseti likatwe mbele ya macho yake ajue kilichomo ndani.